Tupeane uzoefu: saratani ya kongosho katika koo zetu

Ndugu zangu, naomba waliouguza saratani ya kongosho watueleze waliyoyaona katika familia zao. Naanza mimi, niko Kongwa.

Baba alipata kisukari akiwa na miaka 61, ingawa hakuwa mnene wala hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa nacho. Mkanda wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine, nasi tukadhani ni masharti ya chakula. Macho yalipogeuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi, ndipo kipimo cha CT kilipoonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Hatukujua kwamba kisukari kinachoanza ukubwani huku mtu akikonda bila sababu kinastahili kuchunguzwa zaidi.

Baada ya matanga nilikaa na bibi tukaandika daftarini nani katika ukoo alifariki kwa ugonjwa gani. Mashangazi wawili, dada zake baba, waliondoka kwa saratani ya titi kabla ya kufika miaka 50. Daktari aliyeusoma ukurasa ule alinieleza kwamba jeni la BRCA2 likiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya titi, ovari, tezi dume na hata kongosho, na kwamba mzazi aliye nayo, baba au mama, anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50. Hatujapimwa, kwa hiyo sisemi ndiyo iliyomuua baba. Ila misiba tuliyoihesabu mbalimbali huenda ina mzizi mmoja.

Mchangiaji, Kondoa: Pole sana. Mume wangu hakuwa na ndugu yeyote aliyeugua hivyo, lakini alivuta sigara tangu ujana, na mvutaji hatari yake hukaribia mara mbili ya asiyevuta. Msibani walisema ukoo wake una laana. Niliumia mno, kwani wagonjwa wengi wa saratani hii hawana urithi wowote unaojulikana.

Mchangiaji, Bahi: Kaka yangu kongosho lilimvimba mara kwa mara tangu darasa la tano, akilala amekumbatia magoti, na watu wakamsingizia pombe. Ipo aina ya kurithi, nayo huongeza hatari ya saratani. Ameonywa asiguse sigara kabisa. Je, mabinti wa mashangazi zako wanajua?

Mwanzisha mada: Wawili wanajua. Wa tatu yuko Manyoni, nitampigia Jumapili akitoka kanisani.