Naombeni ushauri, wasifu wa bibi yetu nauandikaje?

Wadau habarini, bibi yetu katutoka na familia imenipa mimi kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake siku ya mazishi, muda niliopewa ni dakika 5 tu. Shida ni kwamba wasifu mwingi ninaousikia ni alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, sasa bibi hakuwahi kuajiriwa popote, maisha yake yote ilikuwa ni shamba, babu na sisi wajukuu. Lakini jamani yule bibi alikuwa anaamka gizani kukamua ng'ombe, mbegu za msimu unaofuata anazichagua mwenyewe moja moja na kuzianika, na hata babu alipougua akashindwa kulima alimuuguza kitandani na shamba halikulala hata msimu mmoja. Watu wanasema shamba la babu, mi naona lilikuwa lao wote wawili. Nikiandika "mama wa nyumbani" roho inaniuma kabisa, sasa nimwiteje? Na je nifuate miaka au nichague matukio mawili matatu tu niyaeleze vizuri? Naogopa pia nitalia katikati, mliowahi kusoma mlifanyaje?