Mwenye mgahawa wa "haki kwa mkulima" hapa Dodoma, leo umemgusa baba yangu!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina silitaji, mnamjua. Yule wa kahawa elfu saba kikombe, aliyebandika "haki kwa mkulima" mpaka mlango wa choo.

Baba kaja juzi kutoka Mbinga. Analima kahawa tangu sijazaliwa. Nikasema leo mzee akalie kiti chenye mto. Ukutani kuna picha ya mkulima anacheka, meno yote nje, viganja vimejaa kahawa mbivu. Baba akaitazama weee, akauliza kwa upole: "Mwanangu, huyu bwana mlimlipa shilingi ngapi kwa kilo?"

Mwenye mgahawa akajibu: "Mzee, hii ni ya daraja la juu, huwezi kuielewa. Ya kijiweni ipo Majengo."

HUWEZI KUIELEWA! Baba yangu! Mtu anayeng'ata punje moja akakwambia imebakiza siku ngapi juani!

Kilo kama sita za mbivu, uchume nyekundu tupu, umenye, uvundike, uoshe, uanike, wingu likitanda ukimbie kufunika, ndiyo upate kilo moja ya kahawa safi. Ukiikaanga inatoa vikombe arobaini na ushee. Zidisha kwa elfu saba: laki mbili na themanini! Halafu aliyechuma ndiye haelewi?

Baba alinusa kikombe, akakirudisha mezani. "Imeungua hii." Basi. Njia nzima hakuongea. Huwezi kuielewa!

Kiroboto_wa_Area_D: Mkuu pole, ila elfu kumi na nne vikombe viwili? Kijiweni ungenywesha mtaa mzima na kashata juu.

MwanaUshirika: Huyo jamaa nilimuuliza ananunua kutoka chama gani cha ushirika, akanionyesha ile picha. Na msidanganywe na nembo. Hata Fairtrade, wale wa nembo ya biashara ya haki, bei yao ya chini ya arabika iliyooshwa waliiweka Agosti 2023 kuwa dola 1.80 kwa ratili (karibu nusu kilo), lakini inalipwa kwa chama. Kuna kukoboa, usafiri, makato. Mkulima anapata kinachobaki.

Omwana_wa_Kagera: Afadhali nyie mnauza ikiwa imeiva. Kwetu kuna butura, ada ya mtoto ikikubana unauza kahawa ingali ua mtini. Mwenye hela anakuja kuvuna mbele ya macho yako.

Kiroboto_wa_Area_D: Kwa hiyo mzee hakunywa? Kikombe kilibaki?

Mleta uzi: Mkuu, kaambiwa HAWEZI KUIELEWA, wewe unawaza kikombe?

Hombolo_Juu: Kahawa ikikauka inakaa stoo. Zabibu je? Tunavuna mara mbili kwa mwaka na mara zote mbili tunalia. Mnunuzi anasema "kesho", kesho anasema "keshokutwa", siku ya tatu anakuja na nusu bei kwa sababu zimeanza kulainika. Alizilainisha nani?

Alizeti_Kongwa: Zabibu mna nafuu. Njooni muone mizani za huku, gunia linapungua likipandishwa juu.

Hombolo_Juu: Nafuu ipi? Umewahi kumwaga kreti kumi shimoni?

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwa baba yangu.

Kiroboto_wa_Area_D: Hombolo, hizo zabibu ni za kula? Nahitaji kreti mbili, Jumamosi nina kipaimara.