Siku ya Kendwa: Gumzo la Ukoo Kuhusu Safari ya Pwani ya Agosti

Zuhura (London), Jumapili tarehe 2 Agosti, saa 3:10 usiku
Assalaamu alaykum jamaa zangu nyote. Babu, shikamoo. Shangazi, shikamoo. Inshallah tutafika Unguja Jumatatu ya tarehe 17 na tutaondoka Jumatatu ya tarehe 31, kwa kuwa shule za Uingereza hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Watoto hawana neno jingine midomoni isipokuwa bahari. Ningependa tutenge siku moja ya kwenda kuogelea ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, na nilikuwa nimefikiria Paje, pwani ya mashariki, Jumamosi ya tarehe 29, ili iwe ndiyo siku yetu ya kuagana. Idi ana miaka 4 na hajui kuogelea kabisa, Maryam ana miaka 8 na amefunzwa kidogo, na Yasir wa miaka 12 anaogelea vizuri, lakini ni bwawani. Naomba ushauri wenu kabla sijawaahidi.

Hemed (Mbweni), saa 3:25 usiku
Wa alaykum salaam, Dada. Karibuni sana nyumbani. Nimetuhesabu, tunafika watu kumi na wanne pamoja na watoto, kwa hiyo tutahitaji kukodi Hiace ya siku nzima. Kwa upande wangu Paje haina tatizo, barabara ni nzuri. Nasubiri kauli ya wakubwa.

Shangazi Mwanaidi (Kikwajuni), saa 3:52 usiku
Marahaba, mwanangu Zuhura. Mimi Paje naipenda kwa macho, lakini kwa watoto wadogo, na hasa tarehe hiyo, naomba tulitazame upya. Wengi wenu hamkuwepo siku iliyonipata mimi pwani ya mashariki, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa na marehemu mume wangu na mtoto wetu wa kwanza akiwa na umri kama wa Idi. Tulifika asubuhi tukakuta bahari imekauka, tukatembea juu ya mchanga mtupu tukiokota makombe, tukawa tunasogea kidogo kidogo bila kujua tulikotoka ni mbali kiasi gani. Tulisimama juu ya fungu la mchanga lililo kavu kabisa, nyayo zetu zikiwa hata hazijalowa, na tukaona hakuna la kuhofia. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kutoka kwenye mashamba ya mwani, na kamba zake za mwani kichwani zikimchuruzikia maji mabegani, ndiye aliyetupigia kelele kwamba maji yanajaa nyuma yetu. Nilipogeuka, ile bonde ndogo tuliyoivuka kwa miguu mitupu imekuwa mkondo. Mume wangu alimbeba mtoto shingoni, maji yakamfika kifuani, na mimi buibui langu likanizonga miguu hata nikashindwa kupiga hatua mpaka yule mama aliporudi akanishika mkono. Tangu siku hiyo sipeleki mtoto baharini bila kuuliza kwanza mwezi ni wa ngapi.

Zuhura, saa 4:05 usiku
Subhanallah, Shangazi. Sikuwahi kuisikia habari hii. Kumbe tarehe 29 ina nini hasa?

Babu (Mkokotoni), Jumatatu, saa 1:15 asubuhi
Wa alaykum salaam, wajukuu zangu. Naandikiwa na kijana wa jirani, maana macho yangu hayawezi tena herufi ndogo. Marahaba kwa wote walioniamkia.

Mwanaidi amesema kweli, na mimi nitaongeza sababu zake. Maji huenda na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baada yake huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na hupwa sana, na kwetu hapa Unguja tofauti kati ya kukauka na kujaa hukaribia mita 4 kwenye bamvua kubwa. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na mikondo yake hulegea. Tarehe 29 itakuwa kiasi cha mwezi 16, yaani siku ya kumi na sita tangu uandame, bamvua yenyewe. Siku za bamvua, maji yetu hukauka kwenye saa 4 na nusu au saa 5 asubuhi, na hujaa alasiri kuelekea saa 11 jioni. Paje ni ufukwe wa tambarare wenye mwamba mbali mbele yake, kwa hiyo mtafika na watoto wenye hamu, mkute bahari imeondoka karibu kilomita nzima, na huko kati ni mwani wa watu, vijiti vya mashamba, na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe. Yakianza kurudi, hurudi kwa kasi, na hayatangulii mbele tu bali hupita mabondeni yakawazunguka watu kama yalivyomfanya Mwanaidi.

Kisha kuna upepo. Agosti ni kusi, na kusi hutokea kusini-mashariki. Pwani ya mashariki huupokea usoni, maji huchafuka na mwani uliong'oka huja kulala ufukweni. Ndiyo maana wale wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa hukusanyika Paje msimu huu, na kamba zao hazifai kukatiza watoto wanapocheza.

Ushauri wangu ni Kendwa, Jumamosi ya tarehe 22. Mwezi ukiandama nitakavyotaraji, siku hiyo itakuwa mwezi 9 Mfungo Sita (Rabiul Awwal), maji mafu, nayo yatakuwa yanajaa asubuhi nzima mpaka karibu na saa 6 mchana. Kendwa iko magharibi, nchi inaikinga na kusi, mchanga wake hauna mawe mengi, na hata maji yakipwa hayaendi mbali.

Hemed, saa 1:40 asubuhi
Shikamoo Babu. Naafiki moja kwa moja. Kutoka Mjini mpaka Kendwa ni kama kilomita 55, na Mkokotoni tutapita kukuchukua. Je, si afadhali twende Nungwi kwenyewe, ambako kuna maduka na watu wengi zaidi?

Babu, saa 2:05 asubuhi
Nungwi tutapita kutembea, lakini kuogelea na watoto napendelea Kendwa, kwa sababu Nungwi boti nyingi huingia na kutoka kubeba wageni na wavuvi, na nahodha aliye nyuma ya mashine hawezi kuona kichwa cha mtoto kilichochomoza juu ya maji. Hata Kendwa, tukifika tutatazama kwanza boti zinapita wapi, ndipo tuchague pa kuweka mikeka yetu.

Zuhura, saa 5:30 asubuhi
Babu, ahsante sana, nimekuelewa na nimebadilisha nia. Kwa kweli nilikuwa nimezipenda picha kuliko nilivyouliza maswali. Tarehe 22 tutakuwa tumeshapumzika na safari, kwa hiyo inatufaa. Nina swali moja. Nimewanunulia watoto godoro la kujaza upepo, lenye umbo la samaki, ili Idi alale juu yake huku sisi tumemshika. Nitalileta?

Babu, saa 6:10 mchana
Mjukuu wangu, hilo usilipakie. Watu wengi hawalijui jambo hili kwa sababu Kendwa wakati wa kusi bahari imelala kama maji ya kwenye sinia. Imelala kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Mtoto aliye majini kwa mwili wake, maji mafu hayampeleki mbali upesi, lakini kitu chepesi kilichojaa upepo kinashikwa na kusi kama tanga. Mama akiachia mkono ili ajipanguse chumvi machoni, godoro limeshasogea hatua tano, na kila likienda mbali na nchi ndivyo upepo unavyozidi kulishika. Nimewahi kwenda na ngalawa kumfuata mtu wa makamo aliyelala juu ya mpira wa gari akapitiwa na usingizi, nami wakati huo nilikuwa na nguvu zangu. Yeye alikuwa mtu mzima na alilia kama mtoto nilipomvuta.

Zuhura, saa 6:22 mchana
Litabaki London. Ahsante, Babu.

Rahma (Mbweni), saa 7:45 mchana
Wifi Zuhura, hujambo. Mimi nitayasema ya upande wa afya kwa ufupi. Mfunge Idi jaketi la kuogelea lenye kumtosha, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na umnunulie huko huko kwa kipimo chake, lakini jaketi hilo lisikufanye umwache. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama watu wanavyodhani. Pumzi haimruhusu kuita, na mambo humalizika kimya kimya mtu aliye hatua chache akiwa anazungumza na mwenzake. Kwa hiyo napendekeza tugawane zamu za nusu saa nusu saa, watu wawili kila zamu, nao wasishike simu, wasile, wala wasipige picha. Mmoja awe ndani ya maji, kati ya watoto na kilindi, na aweze kumgusa Idi bila kupiga hatua.

Jambo jingine linawahusu akina mama. Dera likilowa hunata miguuni na huvuta chini, na Shangazi amekwisha kutueleza lilivyomfika. Aliye zamu avae suruali pana na shati refu la kitambaa chepesi, stara ipo na miguu iko huru. Watoto nao wavae fulana za mikono mirefu. Hali ya hewa ya Agosti ina ubaridi wake, na watoto waliozoea jua la London watadanganyika kwa upepo, jioni ndipo mabega yatawaka. Saa 6 mpaka saa 9 wawe kivulini.

Shangazi Mwanaidi, saa 8:20 mchana
Rahma, Mungu akuzidishie. Zamu nitaziandika mimi kwenye karatasi ili asiwepo wa kusema alidhani fulani anatazama. Chakula niachieni. Nitapika mikate ya kumimina, katlesi, sambusa za nyama, na kuku wa kupaka wa kuliwa baridi, na Hemed atanunua machungwa na maji ya kunywa ya kutosha. Kila mtu mzima atoe shilingi elfu kumi na tano kwa gari na chakula, isipokuwa Baba. Taka zote zitarudi nasi kwenye magunia.

Zuhura, saa 1:05 usiku
Shangazi, fungu letu la chakula na gari nitalituma kesho. Simu nampa Yasir kidogo, anataka kumwandikia Babu mwenyewe.

Zuhura, saa 1:14 usiku
Shikamoo Babu. Mimi ni Yasir. Ninaweza kuogelea mita 400 bila kusimama. Je, nitaruhusiwa kuogelea mpaka kwenye boti halafu nirudi? Na je, tutaona kasa?

Babu, saa 2:00 usiku
Marahaba, kitukuu changu, na hongera kwa mita 400. Bwawani una ukuta wa kushika kila ukichoka, na maji yako hayana safari yake mwenyewe. Baharini utaogelea sambamba na ufukwe, kutoka mkeka wetu mpaka kwenye alama nitakayokuonyesha, na kina kisipite kifua chako. Mimi nitatembea mchangani nikifuatana na wewe, kwa hiyo nakuomba usiniendeshe mbio. Kwenye boti hutakwenda.

Kasa utawaona. Nungwi, karibu na mnara wa taa, kuna bwawa la asili la Mnarani ambalo maji yake huingia na kutoka pamoja na bahari, na wenyeji huwatunza humo kasa na ng'amba, ambao ni aina nyingine ya kasa, mpaka wanapowarudisha baharini. Tutakwenda alasiri, baada ya kuswali. Usiwashike. Ukiwatazama wanavyokunjua mapezi yao chini ya maji utajifunza kuogelea kuliko nitakavyokufundisha mimi. Tukirudi tutapita pale wanapounda majahazi, uone mbao zinavyopigwa misumari.

Hemed, Jumanne, saa 12:50 asubuhi
Nimezungumza na dereva. Tutaondoka Kikwajuni saa 1 na nusu asubuhi, tufike kwa Babu saa 2 na nusu, na Kendwa kama saa 3 na robo. Tuogelee mpaka saa 6, tule na tuswali adhuhuri kivulini, Mnarani twende baada ya alasiri, na saa 11 jioni tuwe tumeshakaa garini, kwa sababu sipendi barabara ile baada ya magharibi tukiwa na watoto waliolala. Hospitali ya Kivunge ipo upande huo huo wa kaskazini, na namba zao nitazihifadhi, Mungu atuepushie.

Rahma, saa 1:10 asubuhi
Nami nitabeba chupa ya maji moto. Anayechomwa na miiba ya wale wadudu weusi huloweka mguu katika maji ya moto anayoyaweza, na anayewashwa na yavuyavu, yule kiumbe laini kama jeli, husuuzwa kwa maji ya bahari, asisuguliwe kwa mchanga.

Babu, Ijumaa tarehe 14 Agosti, saa 12:40 asubuhi
Mwezi tumeuona jana magharibi hapa Mkokotoni, mwembamba juu ya bahari, kwa hiyo leo ni mwezi mosi Mfungo Sita na hesabu yetu imekaa sawa. Jumamosi ya tarehe 22 ni mwezi 9. Leo na kesho ni bamvua, na nimekwenda pwani nikaona ngalawa zote zimelala ubavu juu ya tope. Zuhura, msafiri salama. Tarehe 22 nitakuwa barazani tangu saa 2, na fimbo yangu na kofia ya ukindu ya Yasir, nimekwisha kumsukia.

Zuhura, saa 2:15 asubuhi
Amin, Babu. Jaketi la Idi limefika jana, lina mkanda wa katikati ya miguu kama alivyosema wifi. Analivaa kula chakula cha usiku na anakataa kulivua.