Tuzo za usanifu majengo za ukanda: jengo limeshaisha, naanzia wapi?

Msanifu_Dom

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana kichwa kinazunguka. Mimi ni msanifu majengo, nimeajiriwa kwenye ofisi ndogo hapa Dodoma. Tumekabidhi bweni la wasichana la shule moja ya sekondari ya kata upande wa Kondoa, tofali za kufungamana za udongo wa palepale na saruji kidogo, zimeshindiliwa na ile mashine ya mkono ya NHBRA (wakala wa utafiti wa nyumba), hakuna tofali hata moja iliyochomwa, bati tumelinyanyua juu ya dari ili hewa ipite katikati, matundu ya hewa chini usawa wa vitanda na mengine juu kabisa, mafundi karibu wote ni vijana wa kijiji kile kile. Wanafunzi wameshahamia na matroni ananiambia siku hizi mchana wa Jumapili wanalala ndani, kwenye bweni la zamani walikuwa wanabeba magodoro wanaenda chini ya mwembe.

Sasa jamaa yangu kanijaza upepo kwamba hii kitu nipeleke kwenye tuzo, kanitajia Holcim, ile kampuni ya saruji, eti tuzo zao zina kanda ya Afrika na Mashariki ya Kati, kanitajia na tuzo ya Aga Khan, halafu mimi mwenyewe nimeona nyingine mtandaoni inataka ada ya dola kwa kila kundi unaloingia. Ipi inatufaa? Picha nilizonazo ni za simu, nyingi zina ndoo na kanga zimeanikwa dirishani. Na la mwisho ndio linaninyima usingizi, nimechora mimi mwanzo mwisho ila muhuri ni wa bosi, sasa kwenye fomu linaandikwa jina la nani? Msinitukane tafadhali.

Kalamu na Rula

Mkuu hongera kwanza, bweni la sekondari ya kata ambalo mtu anaweza kulala mchana Kondoa mwezi wa kumi na moja si mchezo.

Kabla ya picha, kabla ya jina, angalia jengo lako liko hatua gani, maana hapo ndipo watu wengi wanakatwa kabla hata jaji hajafungua faili. Holcim wanataka mradi ambao michoro yake imekomaa lakini jengo bado halijakwisha, masharti ya tarehe soma kwenye tangazo lao. Wewe watu wameshatandika vitanda, kwa hiyo hapo haupo. Aga Khan ni kinyume chake, wanataka jengo lililokwisha na limetumika angalau mwaka mzima, wakishachuja wanatuma mtaalamu anakuja saitini kukagua na kuongea na watumiaji. Ile tuzo ipo tangu 1977, inatoka kila baada ya miaka mitatu, zawadi jumla dola milioni 1, na inaangalia majengo yanayohudumia jamii ambako Waislamu wapo kwa wingi, sasa Kondoa nani atakubishia?

Mfano mzuri ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwao Gando ilipata Aga Khan 2004 ikiwa inatumika. Baadaye akachora shule ya sekondari hapo hapo Gando, hiyo ndiyo akaipeleka Holcim, ikachukua dhahabu ya kanda ya Afrika na Mashariki ya Kati 2011 na mwaka uliofuata dhahabu ya dunia. Kijiji kimoja, msanifu mmoja, milango miwili tofauti kwa sababu miradi ilikuwa hatua tofauti. 2022 akapewa Pritzker, ile tuzo kubwa ya usanifu ya dunia, ila hiyo tuiache, hatujafika huko 😂

Bati la Msauzi

Mimi naona kichekesho kampuni ya saruji kuwapa watu tuzo kwa kujenga na udongo. Hao hao Holcim walikuwa na viwanda vya saruji vya Tembo ya Mbeya na Bamburi ya Kenya, vyote sasa hivi viko kwa kampuni ya Amsons. Wanauza simenti mchana, usiku wanawasifia mnaoipunguza. Na tuzo haizibi bati likivuja, kijana aangalie kazi.

Kalamu na Rula

@Bati la Msauzi sawa ila hela yao inanunua michoro ya mradi unaofuata kama kawaida, na majaji ni wasanifu na wanataaluma huru. Mimi ningechukua asubuhi na mapema.

Dada Sekshen

Nimekaa kwenye timu za kuandaa hizi shiti (karatasi kubwa za kuwasilisha mradi kwa majaji) ofisi mbili tofauti, acha niongee la picha na michoro maana watu wanapotezea pointi huko.

Kaka zile ndoo na kanga usizitoe! Majaji wamechoka na renda (picha za kompyuta) zenye watu wa Ulaya wanatembea na mbwa kwenye uwanja wa shule ya Afrika. Kanga iliyoanikwa inamwambia jaji dirisha linafunguka na kuna mtu anaishi pale. Unachotakiwa ni kurudi na kamera ya maana saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tena saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa umelala ubavuni, tofali za udongo zinatoa rangi yake na ile mistari ya kufungamana inaonekana. Saa saba mchana kila kitu kinakuwa cheupe kama unga. Ila hilo ni bweni la wasichana, wengi wako chini ya miaka 18, sura zisionekane na ndani usiingie bila matroni, omba barua ya mkuu wa shule kabisa maana fomu nyingi zinauliza ruhusa ya mwenye jengo.

Halafu shiti. Watu wanapanga vyumba, wanapanga renda nane, wanapanga nembo ya ofisi kubwa kuliko pleni. Wewe una sekshen moja (mchoro wa jengo kama limekatwa katikati, ndani kunaonekana) ambayo ndiyo mradi wako wote, upepo unaingia chini usawa wa kitanda, unapanda, unatokea chini ya bati lililonyanyuliwa. Ichore kubwa, ichukue nusu ya shiti, mishale michache, mtu akiwa amelala kitandani ili vipimo vionekane. Pembeni weka tofali lenyewe na vipimo vyake na mchanganyiko, udongo kiasi gani kwa saruji kiasi gani. Basi. Jaji anaangalia mamia ya kazi, hatakaa kukutafutia wazo lako liko kona gani.

Na namba. Hili ndilo litakutoa. Usiandike "jengo lina ubaridi wa asili", kila mtu anaandika hivyo hadi mwenye ukuta wa vioo. Tafuta vipimajoto viwili vya bei ndogo, kimoja kining'inie bweni jipya kimoja bweni la zamani, kimo kimoja, mbali na dirisha, matroni au mwanafunzi wa fizikia aandike saa tatu, saa saba, saa kumi na saa tatu usiku, wiki kadhaa za joto. Ukishaweka grafu ya mistari miwili pale chini ya sekshen umemaliza maelezo. Mwombe na mkadiriaji wenu majenzi akupe gharama kwa mita ya mraba, na hela kiasi gani ilibaki kijijini kama ujira. Ile hospitali ya Butaro kule Rwanda inatajwa kila mahali sio kwa sababu ya uzuri tu, wanaeleza kabisa kwamba saiti ilisawazishwa kwa mikono ili watu wapate ajira, na mawe ya volkano yaliyokuwa kero mashambani ndiyo yakawa kuta.

Msanifu_Dom

Dada ubarikiwe sana. Vipimajoto naweza, mwalimu wa fizikia pale ni rafiki. Vipi maelezo, wanataka Kiingereza maneno 500 na mimi nikianza kuandika inakuwa kama barua ya kuomba kazi.

Dada Sekshen

Andika kwa Kiswahili kwanza, kama ulivyotuandikia hapo juu. Ile sentensi ya magodoro na mwembe ndiyo iwe ya kwanza. Halafu mtafute mtu akugeuzie, wasanifu tunapenda sana kuandika "nafasi inayozungumza na mazingira", ukiona neno kama hilo futa.

Wakili wa Saiti

Suala la jina. Bosi mwenye usajili wa AQRB (bodi inayosajili wasanifu na wakadiriaji majenzi) ndiye anabeba dhamana ya jengo, likidondoka wanamtafuta yeye, kwa hiyo nafasi ya msanifu ofisini inakuwa ya kampuni na ya kwake. Lakini fomu za maana zina sehemu ya timu, pale unaandikwa kwa jina na kazi uliyofanya, "usanifu: fulani". Soma mkataba wako wa ajira, mara nyingi michoro uliyofanya kazini ni mali ya mwajiri, ukiipeleka kimya kimya unaweza kushinda tuzo na kukosa kazi wiki hiyo hiyo. Nenda na pendekezo limeandikwa kabisa, karatasi moja: tuzo gani, gharama gani, majina yanakaaje. Mabosi wengi wakiona ofisi itatajwa wanalegea.

Na usisahau fundi mkuu, mhandisi, mkadiriaji, kamati ya shule. Aga Khan hawampi msanifu peke yake, zawadi inaweza kugawiwa hadi kwa mafundi na wenye jengo. Hapa kwetu tumezoea kusema "kajenga fulani" wakati aliyeshindilia tofali hajulikani. Beda Amuli tunamtaja kwa soko la Kariakoo angalau, wangapi wanaojua nani alichora shule waliyosoma?

Bati la Msauzi

Na hiyo ya ada ya dola?

Wakili wa Saiti

Hapo uliza vitu vitatu tu. Majaji wametajwa kwa majina? Walioshinda miaka iliyopita wanaonekana na majengo yao yapo? Na ukishinda unalipia nini? Kuna za namna hiyo, makundi arobaini, kila aliyeingia ni "mshindi", halafu inakuja ankara ya kikombe, ya cheti, ya meza ya chakula cha jioni hotelini. Ofisi moja niliyokuwa jirani nayo ina vikombe vimejaa mapokezi na hakuna hata kimoja mtu alikuja saitini. Ada yenyewe sio dhambi, mashindano kama Kaira Looro ya Senegal yanatoza na yanafahamika, ila wewe huna haja ya kutoa hela sasa hivi.

Msanifu_Dom

Nimeelewa wakuu. Kwa hiyo Holcim nawaachia mradi wa zahanati ambao bado uko kwenye michoro, bweni nalisubirisha litimize mwaka huku nakusanya joto. Jumatatu naingia kwa bosi na karatasi. Kuna mtu Dodoma ana kamera nzuri tukapige siku ya Jumamosi?

Kalamu na Rula

Ninayo, na lenzi pana ninayo. Nauli ya Kondoa na chai ni juu yako, tunaondoka usiku ili ile saa kumi na mbili na nusu itukute pale.