Wameishia pamoja ila sijaridhika

Neema: Jamani nimemaliza ile riwaya saa nane usiku na nina hasira mpaka sasa hivi. Wamerudiana, wamekumbatiana, kila kitu kipo, lakini moyo wangu haujaridhika hata kidogo. Anayejua tatizo ni nini aniambie

Zawadi: ile ya yule dada mtaalamu wa mazoezi ya viungo na yule kaka mchora ramani za nyumba?? si uliisifia wiki nzima dada

Neema: Hiyo hiyo. Mpaka sura ya 20 nilikuwa siiweki chini, alafu ikaharibika

Mama: Saa nane usiku Neema

Neema: Mama nisamehe, zilikuwa zimebaki kurasa chache

Mjomba: Mimi hizi riwaya za mapenzi huwa nawauliza wenzangu, mwanzo unajua watapatana, mwisho wanapatana. Sasa hapo katikati mnasoma nini?

Neema: Shikamoo mjomba

Mjomba: Marahaba mama. Lakini nijibu

Baraka: Mjomba hilo swali ni zuri kuliko unavyodhani. Kuna chama cha waandishi wa hizi riwaya huko Marekani, Romance Writers of America, wao wanataja vitu viwili tu: mapenzi yawe ndo kiini cha stori, na mwisho uwe wa matumaini na wa kuridhisha moyo. Kwaio mwisho mwema sio siri, ni ahadi ambayo msomaji kapewa kabla hajafungua kitabu, na ndo mana anakubali kuumizwa humo katikati, anajua hatatupwa. Hasomi ili ajue kama watapatana, anasoma ajue hawa wawili, na tabia zao hizi, watapatanaje

Mjomba: Kama kuangalia marudio ya mechi ambayo timu yako ilishinda

Baraka: Ilishinda baada ya kufungwa matatu, sasa unataka uone yale mabao yalirudije

Mjomba: Hapo nimekuelewa

Zawadi: haya da Neema tupe stori, mana mimi sijaisoma na wala sitaisoma tena

Neema: Sawa ngoja niandike vizuri. Huyu dada kalea wadogo zake tangu ana miaka 16, kwaio kila mtu anamtegemea yeye na yeye hajui kabisa kumwambia mtu nimechoka nisaidie, hata akiumwa anajifungia ndani ajitibu mwenyewe. Alafu sikio lake la kushoto halisikii, tangu utotoni, na hapendi watu wajue. Huyo kaka ndo amefiwa na kaka yake waliyekuwa wanafanya naye kazi, ameacha kuchora, anaogopa kumzoea mtu yeyote asije akampoteza tena. Wanakutana kwa sababu ya goti lake yeye kaka. Yani mwandishi kawapatia jamani, mmoja hajui kupokea na mwingine anaogopa kushika, ukiwaweka hao wawili chumba kimoja hata wakiongelea hali ya hewa unahisi kitu. Sasa sura ya 21 kaka anapita koridoni anasikia nusu ya simu, dada anamwambia mtu "sijawahi kumpenda, namvumilia tu", kumbe anamwongelea bosi wake. Kaka anaondoka. Kurasa 70 hawasemeshani!! Kurasa sabini, na simu wanazo wote wawili

Zawadi: 😩😩 nachukia hiyo kitu kuliko zote

Neema: Alafu anakuja kumpata uwanja wa ndege, anachukua kipaza sauti, anatangaza mapenzi mbele ya abiria wote, dada analia, wanakumbatiana, ukurasa mmoja na nusu, mwisho

Shangazi: Nimesoma yote. Mwanangu tatizo lako ni kwamba hakuna aliyejuta

Neema: Shikamoo shangazi. Fafanua basi

Shangazi: Marahaba. Nafafanua kwa voisi au niandike?

Baraka: Andika shangazi tuisome vizuri

Shangazi: Haya. Mtu akikosea kwa sababu kasikia vibaya, akielezwa ukweli kosa linafutika palepale, hana cha kujuta, hana cha kubadilisha, anarudi yule yule aliyeondoka. Wewe ulikuwa unasubiri huyo kijana ashinde ile hofu yake ya kumpoteza mtu na huyo binti ajifunze kusema nisaidie. Mwandishi kawatenganisha kwa simu, na hofu zao zote mbili kaziacha pale pale zilipokuwa. Ndo mana wamekumbatiana na wewe umebaki na kiu. Angeondoka kwa sababu kaona anampenda kupita kiasi akaogopa, hapo angeumiza kweli, na kurudi kwake kungekuwa na uzito mana angekuwa amerudi akiwa na hofu yake mkononi

Neema: Shangazi!!! Ndo hicho hicho

Zawadi: mimi kipimo changu ni hiki, kama ugomvi unaweza kuisha kwa meseji moja basi sio ugomvi ni ujanja wa mwandishi kujaza kurasa

Mjomba: Lakini Zawadi, watu wanaachana kweli kwa mambo madogo kuliko hilo. Kununiana mwaka mzima kwa neno moja nimeona mimi

Zawadi: kweli mjomba, ila hao unaowaona wananuniana kwa neno moja nyuma yake kuna mengine kumi hayajasemwa. kitabuni nataka nioneshwe hayo kumi

Mjomba: Hilo sina jibu lake

Baraka: Hapa riwaya za siku hizi zina kazi ngumu kuliko za zamani nadhani. Zamani kizuizi kilikuwa kinakuja chenyewe kutoka nje, baba hataki, huyu tajiri yule maskini, barua inachukua wiki mbili njiani, mtu akisafiri ndo basi. Sasa hivi watu wazima wawili wana kazi zao, wana simu, wanaweza kupanda basi au ndege wakafuatana, hakuna wa kuwakataza. Kwaio kizuizi lazima kitoke ndani yao wenyewe, na mwandishi asiyejua kuingia ndani ya mtu ndo anakimbilia simu iliyosikika nusu au mpenzi wa zamani kutokea mlangoni ghafla

Shangazi: Hata hizo za zamani Baraka zilizodumu zimedumu kwa ya ndani. Chukua ile ya Jane Austen ya 1813, Pride and Prejudice, nimeirudia mara nyingi. Vizuizi vya nje vipo, ukoo, mali, lakini kinachowatenganisha hasa ni kwamba Darcy ana kiburi na Elizabeth kashamhukumu. Posa ya kwanza ya Darcy, Elizabeth anaikataa katikati ya kitabu, sura ya 34 kati ya 61, na anamwambia sababu usoni kwake. Sura inayofuata Darcy anampa barua. Haombi arudiwe humo, anaeleza tu yaliyotokea. Elizabeth akiisoma anaona na yeye alikosea. Alafu baadae mdogo wake Elizabeth anatoroka na mwanaume mhuni na familia nzima iko hatarini kuaibika, Darcy analipa madeni ya yule mhuni, anahakikisha ndoa imefungwa, na anataka Elizabeth asijue. Asijue! Anakuja kujua kwa sababu mdogo wake mdomo umemponyoka. Sasa mtu aliyetenda hivyo kimyakimya, akija kuposa mara ya pili wewe msomaji unakataaje?

Zawadi: shangazi nimesisimka

Neema: Yani tofauti na wangu wa kipaza sauti. Huyu kafanya asionekane, yule kafanya aonekane na uwanja mzima

Shangazi: Na dada wa watu atasemaje hapana mbele ya watu wote wale? Msamaha wa hadharani unamfunga anayeombwa. Mimi ukiniomba msamaha mbele za watu sijui kama unanitaka mimi au unataka makofi

Mama: Wifi hapo umesema

Baraka: Nilisoma chuoni kitabu cha Pamela Regis cha mwaka 2003 kuhusu historia ya riwaya hizi, anataja mambo nane yanayopatikana humo, wanakutana, kuna kizuizi, kuna kuvutiwa, kuna kutamkiana na kadhalika, na anasema mpangilio unaweza kubadilika. Moja analiita kifo, maana yake kuna mahali penzi linaonekana limekufa kabisa halifufuki. Mimi nadhani riwaya inayoridhisha ni ile ambayo ukifika hapo unaamini kweli limekufa ingawa ulishaahidiwa mwisho mwema. Da Neema wewe kwenye ile simu uliamini?

Neema: Hata dakika moja. Nilikuwa nimekasirika tu, sikuhuzunika. Alafu hasira haikuwa kwa wahusika, ilikuwa kwa mwandishi

Zawadi: mi naomba tuongelee na mwanzo jmn, mana kuna vitabu nimeviacha ukurasa wa 40. mwanaume mzuri, mwanamke mzuri, wanatazamana mara miguu inalegea, sawa, lakini wanapendana kwa nini?? naambiwa tu macho yake, kifua chake, marashi yake. hajamchekesha, hajamuuliza swali, hawajabishana kitu. mi nikishaona wawili wanaongea na kila mmoja anakuwa mjanja zaidi akiwa na mwenzie kuliko akiwa na watu wengine hapo nishanasa hata hawajashikana mkono

Mama: Na kazi zao zionekane. Nimechoka na mabosi matajiri ambao hatujawahi kuona wakifanya kazi. Mtu nampenda nikimwona kwenye kazi yake, anavyohangaika nayo

Neema: Mama kumbe unasoma na wewe!

Mama: Nasoma tangu hamjazaliwa

Zawadi: 😮 na zile sehemu za chumbani mama?

Mjomba: Zawadi tupo wazee humu

Mama: Mwache aulize, ni mtu mzima. Nasoma ila naona nyingi hazina sababu. Wakiingia na kutoka wakiwa vilevile, mimi naruka kurasa. Kama mmoja kasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, au kesho yake mmoja anakwepa macho ya mwenzie na najua kwa nini, hiyo siiruki. Na mwandishi akiamua kufunga mlango tukabaki nje pia sawa, mradi asubuhi nione kitu kimebadilika

Mjomba: Dada nimekuelewa, naendelea kusoma kimya

Shangazi: Mimi napenda za polepole. Mapenzi ni kikohozi hayafichiki, na raha yangu ni pale mimi msomaji nimeshakisikia hicho kikohozi, majirani wamekisikia, wao wenyewe bado wanaapa kwamba ni marafiki tu

Baraka: Na ile sura ya ziada mwishoni, miaka mitano baadae wana watoto? Mi naona inaharibu

Shangazi: Aaa mimi naitaka. Nimeteseka nao kitabu kizima nataka niwaone wametulia

Zawadi: inategemea na mtu mwenyewe shangazi. nilisoma moja dada wa watu sura tatu nzima anaeleza kwamba hataki watoto na sababu zake, kaka anakubali, nikasema huyu ndo mwanaume. kufika mwisho mapacha!! yani kila alichosema kilikuwa maneno ya kupita. nilijisikia kama nimeongopewa na rafiki

Shangazi: Hapo ni kweli wamekosea. Utulivu wake uwe ule alioutaka yeye

Baraka: Nimekubali kwa sharti hilo

Mjomba: Neema samahani nirudi nyuma kidogo. Ulisema huyo binti sikio moja halisikii

Neema: Ndio mjomba, la kushoto. Na hapo ndo niliposema huyu kaka namkubali, mana sura ya 3 dada anamdokezea mara moja tu, kwa haraka, kama kitu kisicho na maana. Alafu sura ya 12 wako kwenye ukumbi umejaa kelele na kaka anaingia amechelewa, kuna kiti wazi kushoto kwa dada, anaomba radhi watu wanne wasimame apite akakae kulia. Hasemi kitu. Dada anaona na yeye hasemi kitu. Nilifunga kitabu nikakaa kwanza. Hakuna I love you humo, hakuna busu, na ndo ukurasa mzuri kuliko zote

Zawadi: jamaniiii

Mjomba: Sasa kule uwanja wa ndege na kipaza sauti, alisimama upande gani?

Neema: Ngoja

Neema: Mjomba

Neema: Nimefungua sasa hivi. "Akamjia kutokea kushoto." Na kelele za uwanja mzima. Alafu dada anasikia kila neno

Baraka: Duh

Zawadi: mwandishi kasahau sikio!!!

Shangazi: Kamsahau binti wa watu. Ndo kitu kilichokukosesha usingizi hicho mwanangu hata kama hukukijua

Neema: Nahisi kulia kweli. Mimi ningefurahi hata hotuba isingekuwepo. Dada amekaa pale anasubiri ndege, kaka aje akae kulia, anyamaze. Alafu dada ndo aanze, aseme begi zito nisaidie. Basi

Mama: Hapo hata mimi ningelia

Mjomba: Hicho chako hakijaandikwa, lakini kama mnacho kingine ambacho wanakumbuka mambo ya sura ya 3 mpaka mwisho nitumieni, nina safari ndefu Ijumaa

Shangazi: Shemeji nakuja nacho mwenyewe. Ila ukikunja kona za kurasa tutagombana