Vifaranga 200: taa ya infraredi au jiko la mkaa?

MamaVifaranga: Wadau, Jumamosi napokea vifaranga 200. Niko Makambako, usiku wa huku mnaujua. Mwaka jana niliweka jiko la mkaa bandani, alfajiri nikakuta 30 wamekufa, kila mmoja peke yake kwenye maranda. Dukani wananishauri taa nyekundu ya infraredi, wati 250. Inalizidi jiko kweli, au wanataka hela yangu tu?

JogooMkuu: Pole dada. Wakifa kwa baridi utawakuta wamerundikana. Hao wametawanyika, mimi nashuku gesi ya mkaa, ile isiyo na harufu. Ukifungua banda gesi itoke, joto nalo linakimbia. Taa haina shida hiyo: miale yake inampiga kifaranga mwilini kama jua la asubuhi, hewa ya katikati haiipashi sana. Ndiyo maana unaweza kuacha madirisha ya juu wazi.

FundiWaya: Tupige hesabu kabla ya kusifia. Wati 250 saa 24 ni uniti 6 kwa siku. Kwa baridi ya huko weka taa mbili, ni uniti 12. LUKU italia!

Kijana_wa_Mayai: Kwani balbu ya kawaida haifai?

FundiWaya: Ile ya zamani yenye waya ndani inafaa, sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kama infraredi hiyohiyo. Ya LED usithubutu. Inawaka vizuri na vifaranga wanaganda.

BibiKuku: Mimi natumia taa, jiko linakaa nje na mkaa wake tayari, maana umeme hukatika saa nane za usiku, si mchana. Nyekundu pia inapunguza kudonoana. Ila holda iwe ya kauri! Yangu ya plastiki iliyeyuka, nikaamshwa na harufu. Itundike kwa mnyororo, si kwa waya wa umeme. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga. Wakijibana chini ya taa, ishushe. Wakikimbilia ukingoni, ipandishe.

MamaVifaranga: Asanteni. Nimechukua mbili na holda za kauri. Nimezijaribu jana usiku, na baba watoto ameshauliza kama bandani kuna nafasi ya godoro.