Tripu za Juni kutoka Nairobi: mabango yanatuuzia siku ambayo haipo

Wadau, naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Tangu Sikukuu ya Madaraka ipite, kila kikundi cha WhatsApp hapa mjini kimejaa mabango ya tripu za siku moja: Hell's Gate, Longonot, Ngong, Magadi, na wale wa siku tatu wa Maasai Mara. Safari inayouzwa kwenye mabango mengi haiwezekani. Waandalizi wanalijua hilo vizuri, kwa sababu njia hizo wanazipita kila Jumamosi.

Tatizo ni saa. Bango linaorodhesha vituo, lakini mtu anacholipia hasa ni mwanga wa mchana, na huo hauongezeki. Sisi tuko karibu na Ikweta. Iwe Juni au Desemba, jua linachomoza na kuzama karibu saa 12 na nusu. Mageti ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, yanafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Hapo toa barabara ya kwenda na kurudi, kisha uniambie kilichobaki kinatosha vituo vingapi.

Chukueni bango ninaloliona mara nyingi zaidi mwezi huu: Longonot, Hell's Gate na boti Ziwa Naivasha, yote kwa siku moja, kuondoka saa 12 asubuhi pale Archives, katikati ya jiji.

Longonot peke yake ni siku nzima. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1 za kupanda. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, kisha unashuka 3.1 zilezile. Hiyo ni zaidi ya kilomita 13, na kilele kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea anamaliza kwa saa nne au tano. Kikundi cha watu 14 hakiendi kwa mwendo wa aliyezoea, kinakwenda kwa mwendo wa yule wa nyuma kabisa, mara nyingi mtu aliyevaa raba za soli bapa kwa sababu hakuna aliyemwambia njia ile ni vumbi laini la volkano linaloteleza hasa wakati wa kushuka. Juu hakuna maji ya kununua wala kivuli cha maana. Lita 2 kwa kila mtu ndicho kiwango cha chini, lakini waandalizi wanagawa chupa moja ya nusu lita na kuandika kwenye bango kwamba maji yapo.

Na hiyo saa 12 asubuhi? Ni saa ambayo abiria wa kwanza anatakiwa awe amesimama kwenye baridi. Van haitoki mpaka ijae. Ikishatoka, kuna wa Westlands, wa Kangemi, wa Uthiru na wa Kinoo walioahidiwa kuchukuliwa njiani, na kila mmoja anakula dakika 10 au 15 kwa sababu "nimefika, niko hapo petroli steshen". Mkiuacha mji saa 2 mmebahatika. Halafu mnasimamishwa kwenye maduka ya vinyago pale juu ya Bonde la Ufa. Hamkuomba, ila maduka mengi ya njiani huwapa madereva chai na kitu kidogo kwa kuleta wateja. Nusu saa imekwenda. Mteremko wa Mai Mahiu una malori, na juu kwa Rironi kuna ujenzi wa kupanua barabara. Naivasha mnaingia saa 5, mnapitia supamaketi, mnafika getini saa 6 mchana. Nusu ya siku imeisha na mlichokilipia hakijaanza.

Getini ndipo hasira inapopanda kabisa. KWS hawapokei pesa taslimu, malipo ni kwa eCitizen, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni, na tiketi unaweza kuinunua ukiwa kwako siku kabla ya safari. Mwandalizi aliyekusanya pesa zenu wiki mbili nzima ndiyo kwanza anauliza nani ni raia, nani ni mkaazi, nani mgeni wa nje, nani amesahau kitambulisho. Bei za makundi haya hazifanani, kwa hiyo aliyehesabiwa vibaya anaongezewa deni palepale, mtandao nao unakuja na kupotea. Dakika 40 za bure, kwa kazi ambayo ingemchukua dakika 10 Ijumaa jioni. Ukiona mwandalizi hajakuomba nambari ya kitambulisho wala kukuuliza uraia kufikia Alhamisi, jua hana tiketi.

Kwenye baiskeli za kukodi za Hell's Gate, mkifika saa 7 nzuri zote zimeshachukuliwa na waliofika asubuhi, na mnasalia na zile zilizokataliwa. Kabla hujalipa, sukuma baiskeli mbele huku umebana breki zote mbili. Gurudumu likiendelea kuzunguka, irudishe. Shika kiti kwa mikono miwili ukizungushe: kikizunguka, bolti imelegea na itakuangusha kwenye changarawe. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, usikilize kama mnyororo unaruka meno. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, kidole kikizama omba pampu. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika 2, na mwandalizi analipwa aufanye kwa baiskeli zote. Kutoka geti la Elsa hadi kwenye korongo ni kama kilomita 8 za vumbi na mawe, na kurudi ni hizohizo jua likiwa limeshageuka. Breki mbovu huko si jambo la kuvumiliwa.

Sasa korongo la Ol Njorowa, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mafuriko ya ghafla yameua watu ndani ya korongo lile mwaka 2012, na tena Septemba 2019. Maji yanayoua hayatoki kwenye wingu lililo juu ya kichwa chako. Mvua inanyesha mbali, kwenye miinuko, maji yanateremka na kubanwa kwenye njia nyembamba yenye kuta ndefu. Unaweza kuwa chini kwenye jua, na ukuta wa maji ukakufikia kabla hujapata pa kupandia. Ndiyo maana maafisa wa KWS hufunga korongo hata siku ambayo wewe unaona ni kavu, na ndiyo maana huingii bila mwelekezi wa pale anayejua njia za kutokea. Mwandalizi anayebishana na maafisa kwa sababu "wateja wangu wamelipia korongo", au anayeingiza watu 28 kwa mwelekezi mmoja ili abane matumizi, anacheza na maisha ya watu. Sitatafuta maneno laini ya kulisema hili. Korongo likifungwa, anachotakiwa kufanya ni kurudisha sehemu ile ya pesa, na kiasi hicho kiwe kimetajwa tangu mwanzo.

Kutaja kiasi ndiko wanakokwepa. Bango linasema bei moja na kwamba kila kitu kimo. Mkifika mnaambiwa baiskeli ni kando, mwelekezi wa korongo kando, boti kando, chakula ni kile cha mchana tu na soda hulipiwa. Nani anaweza kurudi nyumbani akiwa katikati ya hifadhi? Hapo hakuna hiari tena. Mwandalizi mwaminifu huandika kwa shilingi: usafiri kiasi hiki, tiketi kiasi hiki, baiskeli, mwelekezi, chakula, na faida yake. Faida si dhambi, kila mtu anakula kwa kazi yake. Dhambi ni kuificha hesabu ili mtu asijue alichopunjwa.

Magari nayo. Van ni ya abiria 14, na sheria hiyo tumeishi nayo tangu mwaka 2004. Msimu huu watu wanawekwa sambaza mpaka Naivasha: ubao katikati ya viti, hauna mkanda, umeziba njia ya kutokea, mwili mzima unategemea bega la jirani kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Faida yote ya mwandalizi mara nyingi iko kwa hao wawili wa ziada. Halafu kuna matatu ya ruti ya mjini iliyokodiwa kwenda nje ya ruti yake bila kibali cha safari hiyo kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mbaya kuliko zote ni van ya mtu binafsi yenye bima ya gari la nyumbani inayobeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai, na majeruhi anabaki na bili yake. Ombeni picha ya stika ya bima na nambari ya gari siku moja kabla. Anayetoa visingizio hapo, msipande.

Ngong nitaisema kwa ufupi. Vilima vile si lelemama: ukianzia upande wa mji wa Ngong ukatokea Kona Baridi ni zaidi ya kilomita 10 za kupanda na kushuka. Juni na Julai ukungu unaweza kukaa hadi saa 4 asubuhi na upepo unapenya fulana. Maafisa wa msitu wanaosindikiza vikundi wanalipwa, na wana kazi, maana upande wa mbali watu wameshaporwa. Van nayo lazima izunguke kupitia Kiserian iwapokee Kona Baridi. Bango lisilosema gari litawasubiri wapi ni la mtu ambaye hajapanga lolote.

Mara ndiyo uongo mkubwa wa mwezi huu. Mabango yanauza nyumbu wakivuka mto kwa tarehe za Juni. Makundi makubwa kwa kawaida huanza kuingia Mara kutoka Serengeti mwezi Julai, na uvukaji wa mto Mara mtu huutegemea zaidi Agosti na Septemba, tena hata hapo hakuna anayeweza kukuahidi siku, maana nyumbu hufuata mvua na majani. Juni nenda ukaone simba, tembo na nyika ya kijani bila msongamano wa magari. Ni wakati mzuri sana na hauhitaji kusingiziwa. Jingine ni kwamba hifadhi ya Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, si KWS, kwa hiyo bei za KWS anazokutumia mwandalizi kama uthibitisho hazihusiki kabisa. Mwenye mgeni kutoka nje aangalie tarehe vizuri: ada ya mgeni wa nje ni dola 100 kwa siku Januari hadi Juni na dola 200 kuanzia Julai. Bango linalotaja safari ya Julai kwa hesabu ya Juni litawadai tofauti getini Sekenani, baada ya zaidi ya kilomita 200 za barabara.

Dipoziti. "Hairudishwi" imeandikwa kwa herufi ndogo chini, na inatumika hata pale mwandalizi mwenyewe anapoahirisha kwa sababu watu hawakutimia. Huo ni wizi. Kama ni yeye aliyeshindwa kutoa huduma, pesa yako inarudi yote. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa. Nambari 456 ya M-Pesa ni ya pesa iliyotumwa kimakosa, usipoteze muda nayo kwa mgogoro wa namna hii. Nenda Mahakama ya Madai Madogo: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Beba ujumbe wa M-Pesa, picha ya bango kabla halijafutwa, na mazungumzo yote ya kikundi. Watu sita walioibiwa na mwandalizi mmoja wakifungua madai wiki moja, atajibu simu.

Pia muulizeni leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Anayeuza safari kwa umma kama biashara anatakiwa awe nayo chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. "Sisi ni marafiki tu tunaotembea" si jibu wakati kuna nambari ya till na bango la kulipia.

NYONGEZA: Wengi chini mnauliza ratiba inayowezekana ni ipi. Kituo kimoja kikubwa kwa siku, basi. Hell's Gate: kuondoka mjini saa 11 na nusu alfajiri, sehemu moja ya kupanda gari, tiketi zikiwa tayari kwenye simu. Getini kabla ya saa 2 na nusu, korongoni saa 4, mmetoka korongoni saa 6, chakula saa 8 nje ya hifadhi, na barabarani saa 9 kabla msongamano wa jioni haujashika. Boti ifanyike siku nyingine.

NYONGEZA 2: Kwa anayeuliza kama inawezekana bila mwandalizi, ndiyo. Panda matatu ya Naivasha, pale mjini Naivasha ubadilishe uchukue zinazopita Moi South Lake Road kuelekea Kongoni, ushuke kwenye njia panda ya Hell's Gate. Baiskeli zinakodishwa palepale, na geti la Elsa ni mwendo mfupi kutoka barabarani. Tiketi nunua kwenye eCitizen kabla hujatoka nyumbani. Kurudi, uwe barabarani kufikia saa 10 jioni, kwa sababu baada ya hapo matatu hujaa wafanyakazi wa mashamba ya maua na utasimama muda mrefu.